Wawili Wawili: shajara ya mama walezi na mabinti wa usharika wetu, Machame 2025

Januari, wiki ya pili

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naanza kuandika hii shajara kwa sababu kamati ya wanawake imenipa kazi ya kufuatilia mradi wetu wa kuwapa mabinti mama walezi, na mambo yetu huku yakikaa kichwani tu yanapotea, mwakani mtu akiuliza mlifanyaje hakuna anayekumbuka vizuri. Majina ya watu siweki humu. Nitasema binti fulani, bibi fulani, basi, mwenyewe atajijua na wengine hawana haja ya kujua.

Mradi umetokana na Krismasi. Kama kawaida ya huku kwetu watu walirudi nyumbani kutoka Dar, Arusha, Mwanza, kanisa likajaa mpaka watu wakakaa nje kwenye viti vya plastiki, na mabinti walikuwa wengi mno, wengine tuliwafundisha shule ya Jumapili sisi wenyewe. Mwaka mpya ukapita wakaondoka wa kuondoka. Waliobaki ndo walionipa mawazo. Yupo aliyemaliza chuo anasubiri ajira, yupo aliyezaa akiwa kwao, yupo aliyeolewa hapa anatoka Singida hajui mtu, na ukiwauliza mnashiriki wapi kanisani wanakwambia kwaya, au wanatabasamu tu.

Angalieni njia yao ilivyo. Akiwa mdogo yupo shule ya Jumapili, akikua anaingia darasa la kipaimara, sekondari anakuta UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, chuo anakuta TAFES au ushirika mwingine wa wanafunzi, yaani kila hatua ana watu wa kuomba nao na mtu wa kumuuliza umesoma nini wiki hii. Siku anamaliza chuo anarudi na begi lake nyumbani, hapohapo kila kitu kinakatika. Umoja wa Wanawake anauona ni wa wamama wenye ndoa zao na sare zao, kwenye jumuiya anakaa nyuma kimya. Ushauri wa wamama anakuja kuupata jioni moja tu, kwenye kicheni pati, ukumbini, muziki unapiga juu kwa juu, na ushauri wenyewe ni wa jikoni na chumbani, imani inapewa sala ya kufungua na sala ya chakula.

Na upande wa pili tuna mabibi waliomtumikia Mungu maisha yao yote, wamezika waume, wamesomesha watoto kwa kahawa na ndizi, wanajua kuomba mpaka kunakucha, na hakuna anayewauliza kitu. Hilo linaniuma kweli.

Tito sura ya 2 iko wazi kwamba wanawake wazee ndo wawafundishe wanawake vijana. Semina tumefanya nyingi na sizipingi, lakini semina mnakaa mia mbili, anaongea mmoja, na binti mwenye shida anarudi nayo kama alivyokuja nayo. Kwahiyo safari hii ni wawili wawili. Mama mmoja, binti mmoja. Wakutane walau kila baada ya wiki mbili, popote, na wasome Injili ya Luka sura moja kwa wiki. Luka ina sura 24, tukianza sasa tunamaliza mwisho wa mwezi wa sita, na habari za wanawake zimejaa humo kuanzia sura ya kwanza mpaka ya mwisho.

Januari, wiki ya tatu

Pea zimepatikana. Hatukuwagawa sisi. Kila binti aliandika kwenye karatasi jina la mama anayeona anaweza kumwamini, karatasi akampa mama mchungaji peke yake, na mama mchungaji ndo akaenda kuongea na hao wamama mmoja mmoja.

Kitu nilichokiona na nataka kibaki kwenye maandishi: mabinti wengi hawakuchagua viongozi. Waliandika mama anayeuza maandazi pale njia panda, bibi wa kihamba (shamba la nyumbani) cha jirani, mwalimu mstaafu asiyeongea sana. Nikamuuliza binti mmoja kwanini huyo, akasema, "Mama, yeye nilipofeli fomu foo alikuja nyumbani akakaa na mimi jikoni, hakusema neno." Basi. Wamama viongozi wenzangu tulikaa tukalitafakari hilo kwa muda, maana sisi tunajulikana kwa kutangaza, na mabinti wanatafuta mtu wa kukaa nao.

Mzee wa kanisa mmoja mstaafu alituambia jambo la kututia moyo sana. Alisema hiki tunachofanya kina mizizi hapahapa mlimani. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa misioni ya Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kukaa miaka mingi Kidia kule Old Moshi, aliwapanga vijana wa kipaimara kwa vikundi vidogo vya rika ili wachungane kwenye imani hata baada ya kubarikiwa, na wazo alilitoa kwenye desturi za rika za Wachagga wenyewe. Yaani babu zetu walikuwa na utaratibu wa mtu kuwa na mwenzake wa kumwangalia, kanisa likaupokea, afu baadae tukauacha ukafifia, tukabaki na matangazo ya Jumapili.

Februari

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu na sababu ni moja, muda. Tulivyofikiria ni kwamba watakaa sebuleni na Biblia na chai. Nani ana huo muda? Binti ana mtoto mchanga, mama ana ng'ombe wa ndani wanasubiri majani, jioni kuna jumuiya, Jumamosi kuna msiba. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza pea kadhaa zilikuwa hazijakutana kabisa.

Zilizokutana zilikutana kazini. Pea moja wanasoma wakichambua maharage. Nyingine binti anamfuata mlezi wake anapotoa magugu kwenye kahawa, binti anasoma kwa sauti kwenye simu, mama anasikiliza huku anapalilia, wakifika mwisho wa mstari wa kahawa wanasimama wanaomba. Mwenyewe niliwapita nikawasikia, sikuwasemesha, niliendelea na safari yangu nikimshukuru Mungu. Kwahiyo tumewaambia wote: msisubiri nafasi, fuatana naye kwenye kazi yake.

Na sura ya kwanza imefanya kazi kubwa kuliko tulivyotegemea. Mariamu anapata habari nzito, binti mdogo, mimba, mchumba hajaelewa bado, na anaenda wapi? Anaharakisha kwenda milimani kwa Elisabeti, mama mtu mzima, na anakaa kwake kama miezi mitatu. Sisi huku miezi mitatu tunaijua, ndo muda mzazi wa Kichagga anakaa ndani analishwa mtori na kutunzwa mpaka atoke. Sasa tuna binti mmoja kwenye mradi amejifungua mwezi huu, hana mume, na nyumbani maneno yalikuwa mengi. Mlezi wake alisoma ile sura akafunga Biblia akasema hapa hakuna la kujadili. Anapeleka mtori kwa huyo binti, anamshika mtoto ili mama yake alale, wanasoma kidogo, anaondoka. Baba wa binti siku za mwanzo alikuwa hasalimii. Sasa hivi akimwona yule mama anakuja na chungu chake anamfungulia geti.

Machi

Mwezi huu Kwaresma imeanza tarehe 5, na Ijumaa ya tarehe 7 ikawa Siku ya Maombi ya Dunia, ile Ijumaa ya kwanza ya Machi ambayo wanawake wa madhehebu tofauti ulimwenguni wanaomba kwa ibada moja iliyoandaliwa na wanawake wa nchi moja. Mwaka huu iliandaliwa na wanawake wa Visiwa vya Cook, huko Bahari ya Pasifiki, kwenye Zaburi ya 139, kuhusu kuumbwa kwa namna ya ajabu. Kila mwaka masomo tunasoma sisi wamama wa kamati. Safari hii kila somo lilisomwa na pea, mama na binti wake wamesimama pamoja, mmoja anasoma mwingine anaomba.

Yule wa Singida alisoma ile zaburi. Wengi kanisani walikuwa hawajawahi kusikia sauti yake. Baada ya ibada wamama walimzunguka kumsalimia, na nilimwona mama mkwe wake kwa mbali anawaambia watu, "Ni mkwe wangu huyo."

Jambo la pili la mwezi huu, pesa. Kwenye sura ya 8 kuna wale wanawake waliofuatana na Yesu, Mariamu Magdalene, Yoana mke wa Kuza aliyekuwa wakili wa Herode, Susana na wengine wengi, na Luka anasema walihudumu kwa mali zao. Mabinti wameipenda sana hiyo mistari, maana walizoea kusikia wanawake wa Biblia ni wa kuchota maji na kulia, hawa walikuwa na hela na walijua pa kuipeleka. Mazungumzo yakawa mazuri, ila yakafungua mlango mwingine. Binti mmoja akamkopa mlezi wake hela ya mtaji wa duka la nguo za mtumba, mlezi akatoa, tarehe ya kurudisha ikapita, na binti akaanza kumkwepa. Akimwona njiani anapita njia ya juu.

Kamati tumekaa tukaweka sheria: ndani ya pea hakuna kukopeshana. Mwenye shida ya mtaji aende VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, mlezi amsindikize hata amdhamini wakiridhiana, lakini deni lisisimame kati yao wawili. Msaada wa chakula au dawa sio deni, huo ni upendo na uendelee. Na hao wawili mama mchungaji amewakalisha, wamepanga kulipana kidogo kidogo kupitia kwake, na wamerudi kusoma.

Aprili

Sura ya 13. Hii imegusa mabibi kuliko zote.

Kuna yule mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18, hawezi kujiinua kabisa. Kwenye pea moja mlezi ni bibi aliyebeba majani ya ng'ombe kichwani na mgongoni tangu akiwa msichana, kupanda na kushuka makorongo ya huku, na ukimwona anatembea ameinama. Binti yake alivyosoma akanyamaza akashindwa kuendelea. Bibi akamwambia, "Soma mjukuu wangu, huyo ni mwenzangu, nataka kujua ilikuwaje."

Wakaisoma yote. Yesu anamwita yule mama, anamwekea mikono, ananyooka, halafu mkuu wa sinagogi anakasirika kwamba amemponya siku ya sabato. Na Yesu anamjibu kila mmoja wenu si humfungua ng'ombe wake au punda wake sabato akampeleka kumnywesha? Bibi akaanza kulia. Akasema maisha yake yote amekuwa akikata majani Jumapili alfajiri kwa kujificha kabla ya kengele ya kwanza, maana ng'ombe hajui Jumapili, na kila wiki alikuwa anaingia kanisani anajiona mwenye dhambi na hajawahi kumwambia mtu. Anashiriki meza ya Bwana na moyo unamsuta. Miaka yote hiyo! Na jibu lilikuwa hapo kwenye Luka, na aliyemsomea ni binti wa miaka ishirini na kitu.

Sasa kilichofuata ndo nakipenda. Binti akasema basi bibi tuliangalie na lile lingine, wewe nawe ni binti wa Ibrahimu kama yule mama, kwanini mgongo uendelee kuinama. Akaongea na kaka zake wawili, sasa Jumamosi jioni wanamkatia bibi majani ya siku mbili wanamshushia kwenye zizi. Bibi Jumapili anaamka anaoga anaenda kanisani.

Nimeandika kirefu kwa sababu huyo bibi ndo mlezi na binti ndo mwanafunzi kwenye orodha yangu, na ukisoma hapo juu aliyelelewa ni nani? Wote. Tito anasema wazee wawafundishe vijana, ni sawa kabisa, lakini binti mwenye UKWATA na chuo amefundishwa kusoma Biblia kwa utaratibu, anajua kuangalia mstari wa juu na wa chini, na bibi anajua kuishi na Mungu pale ambapo hakuna majibu. Wakikaa pamoja kila mmoja anampa mwenzake alichokosa.

Pasaka ilikuwa tarehe 20. Ibada ya alfajiri ilijaa.

Mei

Mwezi mgumu kuliko yote na lazima niuandike vizuri.

Tuliita pea zote pamoja Jumamosi moja kwa ajili ya shuhuda. Tuna bibi mmoja kati ya walezi aliyeokoka akiwa msichana kwenye mikutano ya Uamsho. Wengine wenu ni wadogo hamuujui huo Uamsho, ulianzia upande wa Rwanda na Uganda. Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari mmisionari Joe Church walikutana Namirembe mwaka 1929 wakaomba pamoja, moto ukawaka Gahini kule Rwanda miaka ya thelathini, ukaenea Uganda, Kenya, na Tanganyika ukaingilia upande wa Bukoba. Watu wa Uamsho wana neno lao, kutembea nuruni. Maana yake hufichi dhambi, unasimama katikati ya ndugu unaitaja, mnamsifu Yesu kwa damu yake, imeisha.

Basi bibi yetu akasimama kwa upendo wote, akamwambia binti mmoja mbele ya watu, "Binti yangu, tembea nuruni leo, usiogope." Binti akainamisha kichwa. Kimya. Watu wakaanza wimbo. Wiki iliyofuata hakuja, na iliyofuata hakuja, na mabinti wengine watatu wakaanza visingizio.

Walezi tukakaa siku nzima kwa mama mwenyekiti na yakasemwa ya moyoni. Bibi alijitetea na mimi nasema alikuwa na hoja nzito. Alisema kwenye Uamsho mume aliungama kwa mke, mchungaji aliungama kwa washarika, wamisionari wazungu walisimama kuomba msamaha kwa Waafrika kwa kiburi chao wakati bado ni ukoloni, kitu ambacho hakuna mtu alitegemea kukiona. "Giza ndo linatuua," alisema, "mnataka mabinti waendelee kuishi gizani kwa sababu ya aibu?" Hakuna aliyeweza kumjibu haraka.

Ila mama mwingine, mdogo kwake, akamwambia, "Shikamoo bibi. Zamani mliungama mkiwa ishirini ndani ya nyumba ya udongo na wote mmevunjika. Leo binti akisema neno hapa, kabla hajafika kwao kuna mtu ameshaandika kwenye grupu, kuna mwingine amepiga skrinishoti, na shangazi yake aliye Dar anapiga simu kuuliza." Na hiyo ni kweli tupu. Tena sisi wamama tuna namna yetu mbaya ya kueneza habari tukiita ni maombi: "Jamani tumwombee fulani, mnajua mume wake kamkimbia, tena inasemekana..." Hapo hakuna aliyeombewa. Amesengenywa na tukasema amina juu yake.

Tulichoamua ni haya. Kuungama kupo, Yakobo 5 iko pale pale na Katekisimu Ndogo ya Luther tuliyoisoma wote kipaimara ina sehemu yake ya maungamo, hatuwezi kulifuta. Lakini binti anaungama kwa Mungu na akipenda kwa mlezi wake, au kwa mchungaji, sio kwa mkutano. Kwenye grupu letu ombi la maombi linatumwa na mwenye shida mwenyewe tu, hakuna kumtumia mwingine. Mlezi akisikia jambo linabaki kwake, isipokuwa kama binti anapigwa au maisha yake au ya mtoto yako hatarini, hapo mlezi asibebe peke yake, amsindikize Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi au kwa afisa ustawi wa jamii, na amwambie binti kabla kwamba ndivyo atakavyofanya.

Na bibi akaomba liongezwe moja, ambalo mimi naliona ndo lenye uzito kuliko yote tuliyoandika: mlezi ndo aanze. Kabla hujamuuliza binti umeanguka wapi, mwambie wewe uliangukia wapi na Mungu alikuinuaje. Akasema kwenye Uamsho wao viongozi ndo walikuwa wa kwanza kusimama, hatuwezi kumtanguliza mtoto nuruni sisi tumebaki kivulini.

Afu yeye mwenyewe akaenda kwa yule binti. Alipanda mpaka juu kwao kwa miguu, na umri ule. Sijui walichoongea na sitauliza. Binti amerudi.

Juni

Niseme kuhusu pea ya simu. Tuna binti wa usharika huu yuko Oman, Muscat, anafanya kazi za ndani. Alituma ujumbe mwenyewe mwezi wa pili kwamba amesikia habari za mradi kutoka kwa mdogo wake na yeye anataka mlezi. Akachagua mama aliyemfundisha shule ya Jumapili. Huyo mama ana simu ya kitochi, kwahiyo anatumia simu ya mjukuu wake, na Umoja wa Wanawake tunachangia bando. Wanatumiana voisi. Oman wako mbele yetu saa moja, binti anamaliza kazi usiku sana, kwahiyo anasikiliza akiwa kitandani na sauti ameipunguza. Makanisa Muscat yapo, pale Ruwi, lakini mfanyakazi wa ndani kutoka sio jambo rahisi, kwahiyo hizo voisi ndo ibada yake.

Walipofika sura ya 21, mjane na senti mbili, binti akatuma voisi ndefu na mlezi kwa ruhusa yake alinisimulia kidogo. Alisema yeye nyumbani anapigiwa simu na kila mtu, mabati, ada, mahari ya kaka, matibabu ya shangazi, na anatuma, anatuma kila anachopata, na hakuna anayeuliza unaendeleaje na Mungu wako, unalala saa ngapi, unakula nini. Akasema kilichomfariji kwenye ile habari ni kwamba Yesu aliinua macho akamwona yule mjane. "Mimi nilidhani hakuna anayeniona."

Mlezi wake hajawahi kumwomba hata mia na hataomba, tumeshasema. Na tumemwambia mama yake mzazi taratibu, kwa heshima, kwamba akipiga simu siku nyingine ampigie bila ombi la pesa, amuulize tu habari na waombe pamoja. Mama alinyamaza sana. Akasema atafanya.

Julai

Tumemaliza Luka. Sio pea zote, mbili ziliachia njiani, moja binti alipata kazi Arusha, nyingine ilikufa tu na sitamlaumu mtu. Zilizobaki zimefika sura ya 24.

Mchungaji alitupa muda kwenye ibada ya Jumapili. Yule mama wa maandazi, ambaye hajawahi kushika kipaza sauti, alisimama na binti yake wakaeleza ile sehemu ya wanawake waliotoka kaburini kuwaambia mitume na maneno yao yakaonekana kama upuzi. Alisema kwa ufupi tu, wale wanawake walijua watadharauliwa na bado walisema walichokiona, na yeye ameuza maandazi pale njia panda miaka yote akidhani hana la kuwaambia watoto wa chuo. Akakaa. Kanisa zima lilisema amina na wengine tulikuwa tunafuta machozi.

Agosti

Mwezi huu hatukusoma sura mpya. Mabinti wamewafundisha walezi kutumia simu: kufungua Biblia ya sauti, kukuza maandishi, kutuma voisi, na kutambua ujumbe wa matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mabibi watatu ambao herufi ndogo za Biblia zimewashinda kwa macho sasa wanasikiliza Zaburi wakiwa jikoni. Bibi wa Uamsho ndo anaongoza, anasikiliza asubuhi nzima mpaka bando linaisha, na binti yake anajua ratiba ya kumwekea.

Septemba

Awamu ya pili tunaanza na Ruthu, sura 4 tu, kwa sababu tathmini ya mabinti walioolewa imetoka na jambo moja juu ya mengine yote, nalo ni mama mkwe. Ruthu na Naomi ni mkwe na mkwe. Tumependekeza baadhi ya pea ziwe za mkwe na mkwe wake kwa wanaopenda, bila kulazimisha, na wawili wamejitokeza, mmoja wao ni huyo wa Singida na mama mkwe wake. Baada ya hapo tunaingia Matendo, sura 28, hiyo itatuchukua mpaka mwakani katikati. Machi 2026 Maombi ya Dunia yanaandaliwa na wanawake wa Nigeria, tarehe 6, na mabinti wameomba waandae wao ibada yote. Kamati imekubali.

Mlezi mmoja amehamia Arusha kwa mwanae kwa ajili ya matibabu. Binti yake amesema hataki mlezi mwingine, wataendelea kwa simu. Sawa.

Tatizo tulilonalo sasa ni hesabu haikai. Mabinti waliojiandikisha awamu hii ni wengi kuliko walezi, tena sana, wametoka mpaka mitaa ya jirani. Mabibi wamejitolea vya kutosha, siwezi kumpa bibi mmoja mabinti watatu. Wanaokosekana ni nyie wa miaka 35 mpaka 50, mnaosema bado hamjakomaa kiroho, bado mna mambo yenu, mtakuja watoto wakikua. Binti wa miaka 22 anahitaji pia mtu aliyepita hapo juzi tu, anayejua kulea watoto na ajira na mume na simu vyote kwa wakati mmoja. Walezi tunakutana Jumamosi hii saa tisa alasiri kwa mama mwenyekiti, kuna karatasi za majina na mama mchungaji atakuwepo. Mje na Biblia na daftari, na kama una mtoto mdogo mje naye.